Kusaga Meno, Krauni na Vipandikizi: Ushauri kwa Anayetaka Kazi Idumu

Krauni (kofia zinazofunika jino) na vipandikizi vya meno (mizizi bandia inayopandwa mfupani) huharibika kwa watu wanaosaga meno kwa sababu ambazo, mara nyingi, zingeonekana kabla kazi haijaanza. Kauri hunyofoka, skrubu hulegea, krauni hung'oka, na mara chache kipandikizi chenyewe hukatika ndani ya mfupa. Swali linaloulizwa na wasomaji wengi ni lile lile: kipi kigumu zaidi, ambacho hakitavunjika? Ni swali la haki, hasa kwa aliyekwisha kulipa mara moja na sasa anatakiwa kulipa tena. Hata hivyo, ugumu ni sehemu tu ya jibu. Nguvu ya taya haipotei. Ikishindwa kuvunja krauni, huhamia kwenye skrubu, kwenye mfupa, au kwenye jino linaloumana na krauni hiyo. Kazi inayodumu ni ile iliyopangwa na daktari aliyekwisha kujiuliza nguvu hiyo itaishia wapi.

## Kinachotokea mdomoni

Kusaga meno kuko kwa namna mbili. Ya kwanza ni ya mchana: mtu hukaza taya bila kujua anapoendesha gari kwenye foleni, anapokodolea kompyuta au anapobeba kitu kizito. Ya pili ni ya usingizini, na hiyo ndiyo yenye sauti inayomwamsha mwenza. Kusaga kwa usiku hukadiriwa kuwapata watu wazima wapatao 8 katika kila 100, na hupungua kadiri umri unavyosogea. Watoto wengi husaga pia, kisha huacha wenyewe. Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki mtoto anayesaga hupewa dawa ya minyoo. Dawa hiyo ina kazi yake, lakini sauti ya meno si ushahidi wa minyoo, na mtu mzima asipoteze muda kwa njia hiyo.

Kwa mtu asiye na tabia hii, meno ya juu na ya chini hugusana kwa muda usiofika dakika 20 katika siku nzima, milo ikiwemo. Kutafuna chakula cha kawaida huhitaji nguvu ya takriban kilo 7 hadi 15. Akiamua kuuma kwa nguvu zote, mtu mzima hufikisha kilo 50 hadi 70 kwenye magego. Usingizini hakuna anayeamua. Watafiti waliopima watu waliolala wamekuta baadhi yao wakiuma kwa nguvu inayozidi kiwango cha juu walichoweza kufikia wenyewe mchana. Tena nguvu hiyo haishuki wima tu kama ya kutafuna. Taya husogea kando, na nguvu ya kando ndiyo inayolegeza na kukata.

Zamani iliaminika kwamba chanzo ni mpangilio mbaya wa meno, na madaktari wengi waliyachonga meno mazima wakitarajia kuponya. Leo inafahamika kwamba msukumo hutoka kwenye ubongo na mfumo wa neva. Mgonjwa anayeshauriwa kuchongwa meno mazima ili aache kusaga ana kila sababu ya kutafuta daktari wa pili, kwa sababu enameli iliyochongwa haioti tena.

Vichocheo vinavyojulikana ni hivi:

- msongo wa mawazo na wasiwasi wa muda mrefu;
- kahawa nyingi, sigara na pombe, hasa saa za jioni;
- baadhi ya dawa za sonona, hasa za kundi la SSRI (zisiachwe bila kuonana na daktari aliyeziandika);
- kukoroma kunakoambatana na kukatika pumzi usingizini;
- kiungulia na asidi ya tumbo inayopanda usiku;
- vichangamshi vya jamii ya amfetamini. Miraa, au mirungi, ina kathinoni ambayo ni ya jamii hiyo, na juu ya hilo mlaji huitafuna kwa saa nyingi, mara nyingi upande mmoja.

## Dalili za kujichunguza

Wengi wanaosaga hawajui kwamba wanasaga. Kabla ya kuketi kwenye kiti cha daktari, mtu anaweza kujitazama kwenye kioo na kumuuliza anayelala naye chumba kimoja.

- Chonge zimepoteza ncha, au magego yamekuwa bapa na yanang'aa.
- Meno ya mbele yamekuwa mafupi na kingo zake zimemeguka.
- Asubuhi taya limechoka, au kichwa kinauma kwenye panja.
- Misuli ya mashavu imetuna, na hujaa mkononi mtu anapokaza meno.
- Ulimi una alama za meno kwenye kingo, au ndani ya shavu kuna mstari mweupe.
- Vijazo vinavunjika mara kwa mara bila sababu ya wazi.

Dalili moja haitoshi. Meno yaliyolika yanaweza kuwa kumbukumbu ya kusaga kulikokwisha miaka mingi iliyopita. Yanaweza pia kuwa yameliwa na asidi ya soda, ndimu, ukwaju au tumbo, na hapo kinachotakiwa ni kuondoa asidi hiyo. Kuna hali nyingine inayowahusu watu wa Arusha, Kilimanjaro na maeneo mengine ya Bonde la Ufa, Kenya na Tanzania, ambako maji ya kunywa yana floridi nyingi. Enameli iliyoathirika sana na floridi huwa na vinyweleo, hupukutika na kulika haraka. Vijana wengi wa huko hutafuta krauni au maganda ya kauri ili kuficha rangi ya kahawia. Daktari anapaswa kutenganisha mambo mawili, enameli dhaifu na tabia ya kusaga, maana mtu mmoja anaweza kuwa na yote mawili.

## Kipandikizi si jino

Jino la asili halijagusana na mfupa moja kwa moja. Kati yake na mfupa kuna tabaka la nyuzi lenye unene wa takriban milimita 0.2. Nyuzi hizo huruhusu jino kuzama kidogo linapobanwa, na zimejaa neva zinazotoa taarifa kwa ubongo. Mtu mwenye meno yake huhisi chembe ya mchanga yenye unene wa maikroni 20 hivi, yaani sehemu 20 za elfu za milimita.

Kipandikizi hakina nyuzi hizo. Daktari Per-Ingvar Brånemark wa Sweden ndiye aliyeonyesha kwamba mfupa hushikana na titani moja kwa moja, na mgonjwa wake wa kwanza alipandikiziwa mwaka 1965. Mshikamano huo ndio ubora wa kipandikizi, na kwa anayesaga ndio pia udhaifu wake. Jino likibanwa huzama maikroni 25 hadi 100, lakini kipandikizi husogea maikroni 3 hadi 5 tu. Meno yote yakiumana kwa nguvu, ya asili huzama kidogo na kipandikizi hubaki kimesimama, kikabeba mzigo wa majirani zake. Na kwa kuwa hakina neva za kukionya, taya halipati taarifa mapema kwamba limezidisha.

Je, anayesaga meno akatazwe kupandikiza? Hapana. Kusaga si kizuizi kamili, na watu wengi wenye tabia hiyo wanaishi na vipandikizi kwa miaka mingi. Kinachoongezeka kwao ni matatizo ya vifaa: kauri kunyofoka, skrubu kulegea au kukatika. Kipandikizi chenyewe kukatika ni jambo la nadra, nalo hutokea zaidi kwa vipandikizi vyembamba vilivyowekwa mahali pa magego.

### Skrubu ndogo ya katikati

Juu ya kipandikizi kuna kiunganishi, na skrubu ndogo inayokifunga kiunganishi hicho, kisha krauni. Skrubu hiyo hufanya kazi kama fyuzi ya umeme: ndiyo inayotangulia kushindwa, na kushindwa kwake mapema huokoa sehemu za gharama kubwa zaidi. Hukazwa kwa ufunguo maalumu wenye kipimo, kwa kawaida nyutoni-sentimita 30 hadi 35 kulingana na maelekezo ya mtengenezaji. Kukaza kwa mkono na kukisia hakutoshi. Baada ya dakika kama 10 inapaswa kukazwa tena kwa kipimo kile kile, kwa sababu nyuso za chuma zikishakaa vizuri mkazo hupungua kidogo.

Krauni ya kipandikizi inayocheza, hata kidogo, ni dharura ya siku chache, si ya miezi. Dalili nyingine ni ladha mbaya au harufu kutoka kwenye ufizi uleule kila siku. Skrubu iliyolegea ikiendelea kusagiwa hukatika, na kipande kikibaki ndani ya kipandikizi kukitoa ni kazi ngumu isiyo na uhakika.

## Vifaa: namba na maana yake

Maabara hupima nguvu ya kauri kwa kuipinda mpaka ivunjike, na matokeo hutajwa kwa megapaskali. Namba hizo husaidia kulinganisha, lakini hupimwa kwenye vipande safi, visivyochongwa, visivyokaa kwenye mate. Ziko takriban hivi:

- Kauri ya kawaida ya feldspati: 60 hadi 100. Hupendeza kuliko zote na inafaa kwa maganda ya meno ya mbele. Kwa anayesaga sana ni chaguo baya.
- Lithiamu disiliketi: 360 hadi 500. Inafaa kwa meno ya mbele na magego madogo, mradi igandishwe kwa gundi ya resini na ipewe unene wa kutosha. Gego la mwisho la mtu anayesaga vikali si mahali pake.
- Zirkonia inayopitisha mwanga zaidi: 500 hadi 800. Ina yitria nyingi (oksidi inayochanganywa na zirkonia), ndiyo maana inafanana zaidi na jino.
- Zirkonia ya awali, yenye yitria asilimia 3 kwa moli: 900 hadi 1,200. Ndiyo kauri yenye nguvu kubwa zaidi inayotumika kwa krauni. Ufa ukianza, chembe zake hubadili umbo na kuvimba kwa asilimia 4 hivi, zikaubana ufa usiendelee.

Mtego uko kwenye aina hizo mbili za mwisho. Zote huitwa zirkonia na zote huuzwa kwa sifa ya ile yenye nguvu zaidi. Mgonjwa aulize waziwazi: ni zirkonia ya aina gani, na je, ni kipande kimoja au imefunikwa kauri juu? Zirkonia iliyofunikwa kauri laini ina nguvu ya zirkonia ndani na udhaifu wa kauri nje, na ni ile ya nje inayoumiwa. Kwa magego ya anayesaga, krauni ya kipande kimoja ndiyo inayofaa.

Krauni ya chuma iliyofunikwa kauri imetumika kwa miongo mingi na bado ni kazi ya heshima. Chuma chake hakivunjiki. Kinachonyofoka ni kauri ya juu, hasa pembeni ambako haina chuma cha kuibeba. Fundi wa maabara anaweza kuacha uso wa kuumia uwe chuma kitupu na kauri ikabaki upande unaoonekana. Watu wengi hulikataa pendekezo hilo kwa ajili ya sura, ingawa kwenye gego la nyuma hakuna anayeliona. Mwenye mzio wa nikeli, yaani anayewashwa na hereni au saa za bei rahisi, aseme kabla, kwa kuwa aloyi nyingi za bei nafuu zina nikeli.

Dhahabu nayo isisahaulike. Aloyi ya dhahabu hulika karibu kwa kasi ya enameli, haivunjiki, na hailidhuru jino linaloumana nayo. Bei na mtindo ndivyo vilivyoipunguza, wala si udhaifu wa kifaa.

### Je, zirkonia hula jino la upande wa pili?

Hofu hii ni ya kawaida, na nusu yake ni kweli. Zirkonia iliyong'arishwa mpaka ikawa laini kama kioo huila enameli kidogo kuliko kauri ya kawaida inavyoila. Zirkonia iliyochongwa na kuachwa na mikwaruzo hugeuka tupa. Tatizo huzaliwa dakika za mwisho: krauni imeshagandishwa, mgonjwa anasema iko juu kidogo, daktari anaichonga, na kazi inaishia hapo. Kila palipochongwa pang'arishwe upya kwa mipira na pasta maalumu za zirkonia. Mng'ao unaopakwa kwenye tanuri hautoshi, maana ni tabaka jembamba linaloisha kwa kusagwa. Mgonjwa ana haki ya kupitisha ulimi pale palipochongwa na kusema kama panakwaruza.

### Unene

Nguvu ya kauri huongezeka kwa mraba wa unene wake. Kwa hiyo kauri yenye milimita 0.5 hubeba karibu robo ya mzigo unaobebwa na yenye milimita 1, hata kama kifaa ni kile kile. Zirkonia ya kipande kimoja huhitaji walau milimita 1 juu ya gego la anayesaga. Lithiamu disiliketi huhitaji 1.5, na chuma chenye kauri 1.5 hadi 2. Mgonjwa anayesisitiza jino lake lisipunguzwe hata kidogo, kisha akataka kauri juu yake, anaomba krauni itakayopasuka.

Upande wa pili wa shida ni kwamba meno yaliyosagika tayari ni mafupi. Gego likibaki na kuta zisizofika karibu milimita 4, krauni haina mahali pa kushika, na itang'oka hata iwe na nguvu namna gani. Katika hali hiyo daktari hushusha ufizi kidogo, huongeza kimo cha kuumana kwa meno mengi kwa pamoja, au huchagua chuma kinachoweza kuwa chembamba.

## Hatua kabla na wakati wa kazi

1. Kusema mapema. Anayesaga aseme siku ya kwanza, na ataje dawa anazotumia, kukoroma, na kila krauni au kijazo kilichowahi kuvunjika. Taarifa hiyo hubadili mpango mzima.
2. Kuchukua kumbukumbu. Picha, eksirei na nakala za meno zihifadhiwe. Bila hizo, baada ya mwaka hakuna wa kusema kama meno yanaendelea kulika.
3. Kuanza na usingizi. Anayekoroma sana, anayeamka na uchovu au anayekatika pumzi apimwe kwanza. Kwa baadhi ya watu wenye tatizo hilo, kinga ya usiku ya kawaida ya taya la juu (inaelezwa hapa chini) huweza kulizidisha.
4. Kujaribu kwa krauni za muda. Pale meno mengi yanapojengwa upya, za muda zivaliwe kwa wiki kadhaa. Zikivunjika au kutoboka, zimeonyesha mahali palipo na mzigo kabla fedha nyingi hazijatumika.
5. Kupanga idadi na ukubwa wa vipandikizi. Magego mawili yaliyokosekana ni heri yapewe vipandikizi viwili kuliko kimoja chenye jino linaloning'inia pembeni. Jino la kuning'inia huzidisha nguvu ya kupinda, na anayesaga aliepuke.
6. Kuusubiri mfupa. Kipandikizi huachwa kwa kawaida miezi 3 hadi 6 kabla ya kuvalishwa krauni. Ahadi ya meno kwa siku moja ina watu inaowafaa, lakini kwa anayesaga vikali huongeza hatari ya kipandikizi kutoshikana na mfupa.
7. Kuchagua krauni ya skrubu. Krauni iliyofungwa kwa skrubu hufunguliwa, hurekebishwa na kurudishwa. Iliyogandishwa hukatwa. Mabaki ya gundi chini ya ufizi pia huleta uvimbe unaokula mfupa.
8. Kupima mguso. Uso wa krauni ya kipandikizi uwe mwembamba kuliko wa gego la asili na vilele vyake viwe vifupi. Daktari hutumia karatasi ya rangi, kisha utepe wa maikroni 8. Mgonjwa akiuma polepole utepe uteleze kutoka. Akiuma kwa nguvu ushikwe. Taya likisogezwa kando, krauni hiyo isiguse kabisa.

Hatua ya nane ndiyo inayorukwa zaidi, kwa kuwa huja mwisho, ganzi haijaisha na mgonjwa anataka kuondoka. Arudi baada ya wiki moja au mbili ipimwe tena.

## Kinga ya usiku

Kinga ya usiku ni kipande cha akriliki ngumu, chenye unene wa milimita 2 hadi 3, kinachovalishwa juu ya meno, mara nyingi ya taya la juu. Haiponyi kusaga. Kazi yake ni kuusambaza mzigo kwenye meno yote na kukubali kulika yenyewe badala ya meno na krauni. Ikichakaa hubadilishwa kwa gharama ndogo sana ikilinganishwa na krauni moja.

*Kwa kuwa krauni ni ya zirkonia, kinga ya nini?* Kwa sababu zirkonia isipovunjika, skrubu na jino la upande wa pili bado viko pale. Kadiri krauni inavyokuwa ngumu, ndivyo vingine vinavyohitaji kulindwa.

*Kinga ya dukani inayolainishwa kwa maji ya moto haifai?* Ya plastiki laini hutafunwa, hutoboka mapema, na baadhi ya watu hukaza meno zaidi wakiwa nayo. Pia haiwezi kurekebishwa mguso wake. Inafaa kwa wiki chache za kusubiri.

*Haivumiliki.* Wiki mbili za kwanza mate huwa mengi na usingizi hukatika. Ianze kuvaliwa saa moja kabla ya kulala. Ikiumiza jino moja au ikibana, tatizo ni la kinga, irudishwe irekebishwe.

*Vipi sindano za botulinamu?* Hupunguza nguvu ya msuli kwa miezi michache lakini hazikomeshi kusaga, na hurudiwa kwa gharama. Si mbadala wa kinga.

Kinga isafishwe kwa maji baridi na sabuni laini. Maji ya moto huipinda. Isiachwe kwenye jua wala ndani ya gari, na kila kazi mpya inapofanywa mdomoni kinga ya zamani ipimwe upya, kwa maana haitakaa tena ilivyokuwa.

Mchana kinga haivaliwi. Kinachotakiwa ni kujikumbusha: midomo imefungwa, meno yameachana, ulimi umetulia juu nyuma ya meno ya mbele. Kibandiko kidogo kwenye usukani, kwenye simu au kwenye kompyuta husaidia zaidi kuliko wengi wanavyodhani.

## Makosa yanayorudiwa

- Kuchagua kliniki kwa bei ya krauni moja, bila kuuliza kama kinga ya usiku na marekebisho ya mguso vimo ndani ya bei hiyo.
- Kusafiri kwenda India au Uturuki kupandikiziwa na kurudi bila kumbukumbu. Skrubu ikilegea, daktari wa Dar es Salaam au Nairobi huenda hana ufunguo wala sehemu inayolingana. Mgonjwa asiondoke bila kadi yenye jina la mtengenezaji, aina, kipenyo, urefu na namba ya toleo la kila kipandikizi.
- Kurudisha krauni iliyong'oka kwa gundi ya viatu au supagluu. Gundi hizo huunguza ufizi na huifanya krauni isikae tena mahali pake.
- Kula wali wa mchele usiochambuliwa. Jiwe dogo likiumiwa ghafla huvunja kauri iliyostahimili miaka mingi. Dagaa wenye mchanga, mifupa, muwa na kufungua chupa za soda kwa meno ni katika kundi hilo hilo.
- Kuyapamba meno ya mbele kwa maganda membamba ilhali magego yamekwisha kulika. Meno ya mbele hayakuumbwa kubeba mzigo wa magego. Magego yajengwe kwanza.
- Kwenda kwa fundi asiye na leseni wa kuvalisha meno ya chuma yasiyotoka. Mara nyingi hubandikwa juu ya jino bovu lisilotibiwa.

## Mwenye mfuko mdogo

Krauni ya chuma kitupu kwenye gego ni ya bei nafuu, haivunjiki, na kwa anayesaga vikali ni bora kuliko kauri ya kifahari iliyofanywa nusu nusu. Pengo moja la nyuma lisilosumbua linaweza kuachwa, mradi daktari afuatilie meno ya jirani yasiegemee humo. Na fedha zikitosha kitu kimoja tu kwa sasa, kitu hicho kiwe kinga ya usiku, kwa sababu inalinda meno yote yaliyobaki. Asiye tayari kuivaa ni afadhali asipandikize gego kwa sasa.

## Ufuatiliaji

Anayesaga mwenye krauni au kipandikizi aonane na daktari kila miezi 6, na kipandikizi kipigwe eksirei kama mara moja kwa mwaka ili kuona kimo cha mfupa. Kila ziara skrubu ikaguliwe, mguso upimwe kwa utepe, na nyuso za kauri zitazamwe kama zina nyufa. Kinga ya usiku iletwe mfukoni kila mara: mikwaruzo iliyo juu yake humwonyesha daktari ni upande gani taya linasogea usiku, na ni wapi krauni inahitaji kupunguzwa.